Udongo wa Mama na Jiwe la Mlango wa Wanawake

Kila anayeingia kwangu siku hizi hutupa jicho juu ya kabati, akaliona lile kopo la maziwa ya unga lililozungushiwa selotepu mara mbili, kisha akaniuliza nilikwenda Newala kufanya nini na nimerudi na nini. Nimechoka kueleza vipandevipande, leo kidogo kwa jirani wa duka la vyombo, kesho kidogo kwenye kijiwe cha kahawa, mpaka habari zenyewe zinaanza kupingana. Naandika mara moja. Msome, mpokezane. Habari za tiketi nawasamehe.

Mnakumbuka mama alifariki masika, barabara ya kusini ikiwa imekatika, malori yamelala pande zote mbili za maji. Tulisubiri mpaka waosha maiti wakatuambia hakuna tena cha kusubiri. Tukamzika hapahapa Dar es Salaam, kwenye mchanga ule mnaoujua, ambao ukichimba shimo asubuhi, mchana linaanza kujifukia lenyewe.

Msichojua ni kwamba kijijini kwao, kwenye ukingo wa uwanda wa Newala, kuna kanisa la mawe, na lina desturi yake. Wakati wa kujenga, kila ukoo ulipandisha mawe kutoka bondeni, na kila ukoo unalijua jiwe lake mpaka leo. Mtu wa ukoo akifia mbali, akazikwa hukohuko, udongo wa kaburi lake hupelekwa pale ukakandwa, ukazibia mwanya wa jiwe la kwao. Basi, amerudi. Mama aliniambia mara nyingi, nami nikiitikia huku nikihesabu mauzo.

Msimu wa korosho ulipoanza, katekista wa huko, Danieli, akanipigia simu. "Baba Neema, Jumatatu mafundi wanaanza kupiga lipu kanisa zima, ndani na nje. Watoto wa kijiji walioko mijini wamechanga saruji. Wakishapiga, jiwe lako na la mwenzio ni kitu kimoja."

Nikaenda makaburini, nikajaza kopo, nikakung'uta, nikajaza tena. Jumamosi alfajiri nikaondoka.

Mbagala hadi Mnazi Mmoja ya Lindi

Siti ya pembeni yangu alikaa mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, Mmakua wa Masasi. Akajitambulisha kwa jina la Mama Shani, akaliona kopo nililolipakata.

"Hongera baba. Mmepata mtoto?"

"Hapana. Ni mzazi."

Akanigeukia. Ikabidi nimweleze. Alipojua kwamba mimi ni Mmakonde, tena Mmakonde wa kuzaliwa Temeke, uso ukamchangamka kama mtu aliyeokota. Wamakua na Wamakonde ni watani, na kwetu mtani hazuiwi na msiba. Msiba ndio ofisi yake.

"Nyie Wamakonde!" akasema, basi zima lisikie. "Watu wengine wanasafirisha maiti kwa gari lenye maua. Nyie mnapakia kwenye kopo! Na nauli umemlipia, au umempitisha kama mtoto mchanga?"

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu masika, na sikupenda namna nilivyocheka. Alipoona hivyo akanyoosha mikono, akalichukua kopo mapajani pangu, akalifunika kwa khanga. "Lete. Wewe mwanamume, utalala utamwangusha." Akalipakata yeye.

Baada ya Nangurukuru mkanda wa feni ukakatika. Utingo akasema ni dakika kumi. Mimi dakika za utingo huzizidisha mara sita, na hata hivyo nilipunjwa. Tulikaa kwenye nyasi za kando ya barabara mpaka kivuli cha basi kikatoka upande mmoja kikahamia wa pili. Mama Shani akanimegea mihogo yake ya kuchemsha na dagaa wa kukaanga, kisha akanidai shukrani kwa sauti. Nikala kidogo. Nilikuwa nafikiria Jumatatu.

Mbele kulikuwa na kizuizi. Msimu wa korosho kila gunia na kila begi hupapaswa, wasije watu wakatorosha mzigo bila kupitia mnadani. Akapanda kijana mwenye tochi, ingawa jua lilikuwa bado kali. Akaenda moja kwa moja kwenye kopo.

"Humu mna nini?"

"Udongo," nikasema.

"Udongo wa nini? Fungua." Nikafungua. Akaumulika, akaingiza kidole, akakisugua na kidole gumba. "Huu unang'aa. Una kibali cha kusafirisha madini?"

"Ni wa kaburi la mama yangu."

Kidole kikabaki hewani, hajui akifute wapi. Mama Shani hakumpa nafasi.

"Mwanangu, mwanamke wa watu hakuwahi kuvaa hata hereni ya dhahabu, leo ndiyo awe madini? Rudisha ulichochukua. Hata hicho kilichobaki kwenye kucha."

Kijana akakung'utia kidole ndani ya kopo, taratibu, kama anayetia chumvi kwenye mboga ya mkwewe. Akashuka bila kumgusa abiria mwingine. Tulipita na korosho za nani, Mungu anajua.

Masasi

Kwa sababu ya ule mkanda wa feni, tulifika Masasi gari la Newala limekwisha ondoka. Mama Shani akanirudishia kopo kwa mikono miwili. "Mtani, mfikishe. Ukirudi na nguo safi nitajua hukufanya kazi." Akaenda zake Mkomaindo na mabegi yake ya vitenge. Sikumwona tena.

Niliambiwa gari jingine litaondoka likijaa. Nikala ming'oko, ile mizizi ya porini wanayoichemsha na kuiuza kwa mafungu. Inapwaya mdomoni kama kiazi kilichokata tamaa, lakini inashibisha. Kisha nikaenda kuliangalia kanisa kubwa la mawe la pale mjini, ili nijue mawe yanakuwaje mtu akiyasimamia. Nikazunguka, nikahesabu madirisha upande mmoja na upande wa pili. Yakalingana. Nikahesabu tena, yakalingana. Mawe yamekaa kwa safu, pembe zimenyooka. Hili, nikajisemea, limejengwa na watu wenye kamba na pimamaji.

Nilirudi stendi, gari halijajaa. Nikapata kitanda nyumba ya wageni, kopo nikaliweka upande wa ukutani ili lisianguke. Jumamosi hiyo ikawa imekwenda bure.

Kupanda uwanda

Jumapili gari lilipanda uwanda kwa kulalamika. Mikorosho pande zote mbili, wanawake wameinama chini yake wakiokota, na harufu ya mabibo yaliyooza ikiingia dirishani, tamu ya kulevya. Newala nikachukua pikipiki. Dereva akataja nauli, nikataja nusu, akakubali papo hapo. Hapo ndipo moyo uliniuma, kwa maana anayekubali upesi ana lake. Mbele ya kijiji cha Mkunya, pancha, na yeye hana kiraka. Sehemu iliyobaki tulikwenda kwa miguu, yeye akisukuma pikipiki, mimi nimelikumbatia kopo, nauli ileile.

Kanisa nililiona kwa nyuma kwanza, na sitawadanganya, nilivunjika moyo. Ni fupi. Ukuta umevimba katikati kama mtu aliyekula akasahau kuacha, na umeegemezwa nguzo nene za mawe kila baada ya dirisha usije ukalala. Paa lilikuwa la nyasi, leo ni bati lenye kutu. Kengele ni rimu ya lori. Mbele, mafundi walikwisha funga jukwaa la miti, na mifuko ya saruji imepangwa mlangoni.

Katekista Danieli akanipokea, mtu mwembamba mwenye haraka. Akanizungusha, mkono ukutani.

"Tazama vizuri, Baba Neema, kesho hutaona. Haya makubwa ya chini ni ya mwanzo, watu wana nguvu. Hapa juu kidogo yanakuwa madogo, kama ngumi. Ulikuja mwaka wa njaa, lakini wakaendelea kupandisha. Wanabeba walichoweza. Juu tena yanakuwa makubwa."

"Wakapata chakula."

"Walioshiba walikuwa wachache. Hesabu mwenyewe, mistari mikubwa ya juu ni miwili tu, halafu bati."

Kisha akanionyesha kitu ambacho kwenye kanisa la mjini sikukiona. Karibu na milango, mawe hayana mpango. Mafundi wa misheni walikubali kila aliyebeba jiwe aliweke mwenyewe, pale mkono wake unapofika. Kwa hiyo mawe ya wanaume yako juu, ya wanawake usawa wa kifua, na ya wasichana chini yake. Mbali na milango ni mawe yasiyo na wenyewe. Na katika nyufa za yale yenye wenyewe, udongo una rangi za nchi nzima: mweusi wa Kilosa, wa kijivu kama jivu, mwekundu wa mashamba ya mkonge ya Tanga walikokwenda manamba wasirudi. Nilipitisha kidole. Mwingine ulikuwa unadondoka.

Jiwe letu liko kwenye mlango wa wanawake, upande wa machweo. Bibi yangu mzaa mama alilibeba akiwa msichana, ndiyo maana liko usawa wa kiuno changu. Limebonyea katikati, kama mkate uliolaliwa. Nikainama nikaanza kufungua kopo.

Danieli akanishika mkono. "Aa, siyo wewe. Wewe ni mtoto tu. Lazima mjomba wa ukoo aupokee. Na Mzee Salumu..." Akatazama pembeni. "Mzee Salumu anasema hana maiti aliyepotea. Anasema aliibiwa."

Barazani kwa Njomba Salumu

Kwetu ukoo ni wa mama. Marehemu ni wa kaka yake kabla hajawa wa wanawe, na haziki mtu mpaka kaka aseme. Nyumba hiyohiyo moja ina kofia na msalaba: bibi alikuwa wa kanisa, babu wa msikiti, binti akamfuata mama na mtoto wa kiume akamfuata baba. Hakuna aliyeona ajabu. Jiwe ni la wote.

Nilimkuta Njomba amekaa barazani anachagua korosho, mbovu huku, nzima kule.

"Shikamoo, njomba."

Alichagua korosho kama kumi hivi. "Marahaba."

Nikakaa chini. Nikaanza kueleza barabara ilivyokatika.

"Sikukuuliza barabara. Nakuuliza, mwenye maiti alikuwa nani?"

"Wewe, njomba."

"Maiti amezikwa, mwenyewe yuko hai, anapalilia muhogo. Habari inamfikia watu wamekwisha nawa mikono. Nikakaa matanga hapa, watu wanakuja, 'poleni, poleni', halafu wanatazama huku na huku. Hakuna jeneza, hakuna kaburi. Nimekaa matanga ya jina, Beno."

Simu tulipiga, mtandao haukuwapo. Nilijua nikisema hivyo nitaonekana nimeleta barabara nyingine. Basi nikafanya ninachokijua. Nikatoa kanzu, mpya, ya kitambaa kizuri. Akaitazama, akarudi kwenye korosho. Nikatoa sukari na majani ya chai. Nikasema nitamwezekea jiko. Mbovu huku, nzima kule. Nikapandisha, nitamwezekea jiko na banda la mbuzi. Nikasema hata mchango wa lipu nitaongeza.

Akainua uso. "Beno, wewe unauza au unanunua?"

Miaka yote niliyosimama nyuma ya meza Kariakoo swali hilo hulijibu kabla halijaisha. Sasa nikaacha kutaja bei. Nilikaa nimeshika kopo, na kwa mara ya kwanza safari nzima likawa zito.

Jua likaanza kuinama. Njomba akamaliza korosho, akajikung'uta, akasimama kwa shida.

"Kachukue ndoo," akasema. "Iko uani."

Bondeni

Bomba lipo, nataka mjue. Liko hatua chache kutoka kanisani, lina koki, linatoa maji. Nikalionyesha.

"Maji ya bomba yamekuja yenyewe," Njomba akasema. "Mama yake mama yako hakujengea maji yaliyokuja yenyewe. Udongo wa ukuta ule umekandwa kwa maji ya bondeni. Mwenye damu ndiye anayebeba. Mimi magoti yamekufa, dada yangu amekufa. Uliyekuja ni wewe."

"Nusu ndoo itatosha?"

"Unaanza tena."

Akanisindikiza mpaka ukingoni, akaketi juu ya kisiki. Uwanda unakatika pale kama uliokatwa kwa panga, na chini ni bonde mpaka macho yachoke. Njia inashuka kwa kujipindapinda, imechimbika katikati kwa nyayo za wanawake wa zamani, mahali pengine inafika magotini. Nilishuka nikijishika kwenye mizizi. Kuna kisima kidogo chini, maji baridi, yamejaa majani.

Kupanda sitasimulia sana. Ndoo nilianza kuishika mkononi, nikashindwa. Nikaiweka begani, ikanimwagia mgongo. Mwisho nikaiweka kichwani, bila ngata, na mdomo wa ndoo ukawa unaliuma fuvu. Nilipumzika mahali pengi, na kila nilipopumzika nilifikiria jiwe lile lililobonyea, na msichana chini yake. Hakupanda nalo mara moja akarudi Temeke. Alishuka tena kesho yake.

Nilipokaribia juu Njomba akaniona nilivyoshika ndoo kwa mikono miwili kama mwizi aliyesalimu amri. Hakucheka. Akateremka hatua mbili tatu, akiyaburuta yale magoti yake, mkononi ana ile kanzu mpya. Akaisokota ikawa ngata, akanitwika upya.

"Kitambaa kizuri," akasema.

Mwisho wa njia, maji yalikuwa yamebaki nusu. Akaingiza vidole kupima. "Udongo yataukanda. Kunawia hayatoshi."

Mlango wa wanawake

Njomba alipiga magoti pale ukutani, kofia yake kichwani, Danieli akishika kandili ingawa giza lilikuwa bado halijashuka sawasawa. Njomba akamimina udongo wa mama kwenye kiganja, akatia maji, akakanda. Ukamwagika. Akakanda tena. Mchanga wa Dar es Salaam, si mnaujua? Hauungani.

"Haushiki," Danieli akasema kwa sauti ndogo.

"Hata wenyewe hawashikani," Njomba akasema, bila kunitazama. Akachimba kwa kidole udongo mwekundu wa pale mlangoni, akauchanganya na wa mama, akatema pembeni, akakanda. Ukashika. Akaanza kuupachika kwenye mwanya, akiusukuma kwa kidole gumba, na midomo yake ilikuwa inasema kitu kwa Chimakonde ambamo mimi wa Temeke nilisikia jina la mama tu, mara nyingi. Alipomaliza mwanya wa juu na wa pembeni, akajisogeza kando. Akaniachia nizibe wa chini.

Kisha akafunika kopo. Nikaona udongo bado umo.

"Huo umebaki, njomba."

"Umebaki kwa kusudi." Akajifutia mikono kwenye kanzu, ambayo sasa ilikuwa nyekundu yote. "Mama yako alizaa wanaume watupu. Mimi sina dada mwingine. Watoto wako ni wa ukoo gani?"

"Wa mama yao. Tanga."

"Basi. Jiwe hili limepokea mtu wake wa mwisho. Kesho wakilipiga lipu hawamwonei mtu."

Nilikuwa nimekuja na hofu ya Jumatatu. Kumbe Jumatatu ilikuwa imekuja siku nyingi, sisi hatukuhesabu.

"Na mimi?" nikamuuliza. Nina miaka zaidi ya hamsini, lakini niliuliza kama mtoto aliyesahauliwa sokoni.

Njomba alikaa kitako, mgongo ukutani. "Wewe utazikwa hukohuko kwenye mchanga. Hakuna wa kukuleta, na ukiletwa hakuna wa kukupokea, maana mimi sitakuwapo. Chukua kopo. Siku yako, wakuanze na huo kabla ya mchanga wao. Kama huwezi kuja kwake, yeye aje kwako."

Jumatatu, na kurudi

Nilibaki kuangalia. Mafundi walianzia mbele, wakarusha, wakasawazisha kwa ubao, wakafika mlango wa wanawake baada ya chakula. Kabla hawajafika nilihesabu mawe kutoka kizingiti hadi letu, ili siku nikirudi nijue niweke mkono wapi. Nikapata saba. Nikahesabu tena, nikapata nane, maana kuna moja dogo la mwaka wa njaa, hujui ulihesabu au uliruke. Njomba alikuwa nyuma yangu.

"Ngapi?" akauliza.

"Sijui."

"Haya," akasema. "Hata mimi sijui." Tukasimama pamoja mpaka ukuta wote ukawa rangi moja.

Kule kizuizini, wakati wa kurudi, nilimkuta kijana yuleyule. Aliniona, akaliona kopo, akawapungia mkono wenzake basi lipite.

Sasa mnajua. Msilifungue, msimwage, na Neema msimruhusu kulihamishia jikoni. Watakaonizika ni ninyi, na wengi wenu mtafika mmechelewa, kwa hiyo nasema mapema: huo utangulie, chini kabisa, kabla hajatupa koleo mtu yeyote. Udongo umebaki nusu kopo na vidole viwili. Nimepima mara mbili, na mara hii imelingana.